Mtoto kachagua duara dogo, akapigwa X

Mwezi uliopita kijana wangu alirudi na daftari lenye X moja kubwa ya peni nyekundu, imekandamizwa mpaka karatasi ya nyuma imepata alama. Ana miaka mitano, yuko awali. Swali lenyewe ni michoro minne kwenye mstari mmoja: duara kubwa, duara kubwa, duara dogo, mraba mkubwa. Maelekezo, zungushia lililo tofauti. Yeye kazungushia duara dogo. Usiku tunakula nikamuuliza bila kumtisha, baba, hapa mbona umezungushia haka? Akaniangalia kama vile mimi ndo nimefeli. "Si kenyewe tu ndo kadogo?"

Nikahesabu upya huku ugali unapoa. Vikubwa vitatu, kidogo kimoja. Duara tatu, mraba mmoja. Majibu mawili, yote sahihi, na aliyetunga swali aliona moja tu.

Sikwenda shuleni kugombana na siendi, maana nilishika chaki miaka minne kabla sijaacha na najua X kama hiyo inavyopatikana: una rundo la madaftari mezani, jibu liko kichwani, mkono unatembea wenyewe. Na mimi nimewapiga watoto wa watu X za namna hiyo, sijui ngapi. Ila hii ilinikaa kichwani kwa sababu nadhani inaonyesha kitu tunachokosea kwenye somo zima la maumbo kwa watoto wadogo, na sio swala la mwalimu mmoja.

Tunafundisha majina halafu tunadhani tumefundisha maumbo. Ingia darasa lolote la awali utakuta manila ukutani, duara, pembetatu, mraba, mstatili, kila moja na rangi yake, mwalimu anagonga kwa kijiti, watoto wanaitikia kwa sauti inayofika barabarani, mgeni anapiga makofi. Sawa, majina wanayajua. Lakini kujua jina ni kitu kimoja na kuchambua vitu kwa sifa zake ni kitu kingine kabisa, na hicho cha pili ndo hisabati.

Neno kuchambua lenyewe liko jikoni siku zote. Aliyewahi kukaa na ungo mapajani anachambua maharage anajua kwamba kabla mkono haujaanza lazima uwe umeshaamua unatoa nini. Ya kupika unatoa mawe, makapi na yaliyotobolewa na wadudu, ukubwa hauna shida, yote yataiva. Ya mbegu hayohayo, gunia lilelile, sasa unachagua makubwa yaliyojaa na mengine mazuri kabisa unayarudisha kwenye sufuria. Maharage hayajabadilika, kilichobadilika ni kigezo. Mama muuza nyanya sokoni naye anapanga mafungu kwa ukubwa asubuhi, jioni anayavunja anayapanga upya kwa kuiva kwa sababu zilizoiva sana lazima ziondoke leo. Mtoto aliyekaa pale chini ya meza ameshaona rundo moja likichambuliwa kwa sheria mbili tofauti ndani ya siku moja, halafu Jumatatu anakuja darasani anaambiwa rundo lina jibu moja.

Kwa hiyo mimi naona swali la msingi sio "hili ni umbo gani", ni "umeliweka hapa kwa nini". Na ni swali ambalo karibu hatuliulizi.

Turudi kwenye manila. Pembetatu ya kwenye manila siku zote imekaa kitako, pande zote sawa, ncha juu, kama sambusa kwenye sahani. Mtoto anajifunza hiyo picha. Sasa ichore imesimama kwa ncha, au ichore nyembamba ndefu kama mwiba, uone. Nilifanya hivo na watoto sita wa mtaani kwetu, si utafiti, ni udaku wangu tu, wanne wakakataa kabisa kwamba ule mwiba ni pembetatu. Mmoja akasema "imekonda." Mraba ukiugeuza usimame kwa kona wanakwambia hiyo sio mraba ni tiara. Halafu nikawachorea sambusa yenye mgongo uliovimba kama ilivyo sambusa ya kweli, wakakubali haraka sana, pembetatu hiyo!

Wenzetu waliofanya utafiti wa kweli waliona yaleyale. Marekani, Douglas Clements na Julie Sarama na wenzao walitoa kazi yao mwaka 1999 kuhusu watoto wa miaka mitatu mpaka sita, duara karibu wote wanalipatia, mraba wengi, ila wakifika kwenye pembetatu na mstatili wanaanguka vibaya. Na kabla ya hapo, 1957, mume na mke Waholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walishaeleza kwamba mtoto anaanza kwa kuliona umbo zima kama sura ya mtu, "hii inafanana na ile", na baadaye ndo anaanza kuona sifa, ina pembe ngapi, pande zake zikoje. Cha maana walichosema ni kwamba kupanda kutoka ngazi hiyo kwenda ya pili hakuletwi na umri tu, kunaletwa na kufundishwa. Yaani ukimwachia na manila yake atabaki kwenye sambusa hata akifika la tatu.

Na hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo tunaitupa. Neno pembetatu limejieleza lenyewe, pembe, tatu. Mtoto hahitaji kukariri sura, anahitaji kuhesabu. Mpe kipande cha boksi aguse kwa kidole, hapa inachoma, hapa inachoma, hapa inachoma, tatu, basi, hata kama imekonda hata kama imelala. Mtoto aliyezaliwa na mbuzi nyumbani pembe anazijua kwa kuchomwa. Mraba na mstatili hayako wazi hivyo kwa sababu yametoka Kiarabu, mraba umebeba ile nne iliyomo kwenye robo, na mstatili ni kitu kilichorefushwa, ukimwambia mtoto hivo anaelewa haraka tu. Sasa tunakimbilia kuwaimbisha majina ya Kiingereza kwenye shule za ada kubwa, majina ambayo kwa mtoto wa hapa hayamwambii chochote kuhusu hicho kitu, halafu mzazi anafurahi kwamba mtoto anajua. Anajua wimbo.

Ila Kiswahili hichohicho kina mtego, na huu sijawahi kusikia ukizungumzwa kwenye semina yoyote niliyokaa. Ngeli. Chukua vipande vitatu vya rangi moja na ukubwa mmoja. Hili ni duara dogo jekundu. Huu ni mraba mdogo mwekundu. Hii ni pembetatu ndogo nyekundu. Rangi ni moja lakini imetamkwa mara tatu kwa sura tatu, jekundu, mwekundu, nyekundu, na udogo nao hivohivo. Mwalimu akisema "nani ataniletea dogo jekundu" ameshatoa jibu, maana dogo jekundu haliwezi kuwa mraba, sarufi imeshamnong'oneza mtoto umbo kabla hajatazama. Na ukitaka aangalie rangi peke yake asahau umbo, ndo unashangaa unasemaje, nyekundu, mwekundu au jekundu?

Dawa yake ni rahisi, ita kila kitu kipande. Kipande chekundu, vipande vyekundu, kipande kidogo. Ngeli inakuwa moja, umbo linafichika ndani ya neno, mtoto anabaki na kazi ya kutazama. Nimeona tofauti kubwa kwa kubadilisha hilo neno moja tu. Au sema "rangi nyekundu" moja kwa moja, kama watoto wenyewe wanavyosema.

Kuna vifaa maalum vya hii kazi, vinaitwa vipande vya mantiki, vilienezwa na Zoltán Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyefariki 2014. Seti yake ina vipande 48 na hesabu yake ni tamu: maumbo manne, mara rangi tatu, mara ukubwa wa aina mbili, mara unene wa aina mbili, inakuja 48, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina sifa nne na mtoto analazimika kuamua leo anaangalia ipi. Huo ndo utamu, ukishika kipande kimoja umeshika majibu manne.

Za dukani ni ghali na hazipatikani kirahisi, mimi nilikata za kwangu kwenye ndala kuukuu. Ndala inakatika vizuri kwa kiwembe, haichubui vidole vya mtoto, ikidondoka haipigi kelele, ikichafuka unaosha. Bluu na njano nilizipata nyumbani, nyekundu ilinisumbua wiki nzima mpaka fundi viatu wa kona ile akanipa kipande alichokuwa anakalia. Duara ndo mtihani, nikaweka kifuniko cha chupa ya maji kama kipimo cha dogo na mdomo wa kikombe kwa kubwa, bado mengine yametoka kama viazi. Unene niliuacha, soli zilikuwa sawa zote. Maumbo matatu, rangi tatu, ukubwa wa aina mbili, vipande 18, vinaingia kwenye kopo la mafuta ya kupaka.

Mchezo tunaoupenda ni wa treni. Unaweka kipande kimoja chini, anayefuata anaunga kipande kinachotofautiana na hicho kwa kitu kimoja tu. Duara dogo la bluu. Mtoto anaunga duara kubwa la bluu, kabadilisha ukubwa, sawa. Anakuja mwingine na mraba mkubwa wa bluu, kabadilisha umbo. Mwingine mraba mkubwa wa njano. Halafu anatokea mmoja wa pembeni, mdogo wa jirani, anapachika pembetatu ndogo nyekundu kwa kujiamini kabisa, na wenzake wanalipuka "tatu! umebadilisha tatu!" Hapo hakuna mtu mzima aliyesahihisha. Wamehesabu sifa wenyewe, na huyo mdogo kaangalia tena mraba wa njano, kaangalia cha kwake, kakitoa. Dakika nzima kimya. Dakika nzima ya mtoto wa miaka minne kukaa kimya anafikiri, nyie wenye watoto mnajua bei yake.

Sasa kuna jambo la umri ambalo tusipolijua tutawaita watoto wakaidi bure. Mwanasaikolojia Philip David Zelazo na wenzake wana jaribio la kadi, lilitoka miaka ya 1990, kadi ni sungura wekundu na boti za bluu, na pa kuziweka ni visanduku viwili, kimoja kina picha ya boti nyekundu, kingine sungura wa bluu. Mtoto anaambiwa tucheze mchezo wa rangi, nyekundu huku, bluu kule, anapanga vizuri bila shida. Halafu anaambiwa sasa tunacheza mchezo wa umbo, sungura kule, boti huku. Wa miaka mitatu wengi wanaendelea kupanga kwa rangi. Na kinachoshangaza, ukimsimamisha ukamuuliza sungura wanakwenda wapi anakuonyesha sehemu sahihi kwa kidole, halafu ukimpa kadi anaiweka kwa rangi tena. Sheria anaijua, mkono haujaachia ile ya zamani. Wakifika minne, mitano, wengi wanaweza kuhama. Kwa hiyo ukimwona wa chekechea anang'ang'ania rangi baada ya wewe kusema umbo, usimnyanyulie sauti, kuhama kutoka kigezo hiki kwenda kile ndo kazi yenyewe anayoijenga. Na haijengeki kwa kupewa karatasi yenye jibu moja, inajengeka kwa rundo lilelile kupangwa, kuvunjwa, kupangwa tena.

Kuna lingine la Warusi ambalo mimi linanifurahisha zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Leonid Sakharov, akifanya kazi na mwanasaikolojia Lev Vygotsky, alitumia vipande 22 vya mbao vya rangi na maumbo tofauti, chini ya kila kimoja kuna neno lisilo na maana, lag, bik, mur, cev, na neno halifuati rangi wala umbo, linafuata urefu na upana wa kipande. Mtoto atafute yepi yanakaa pamoja. Wadogo walikuwa wanafanya kitu ambacho Vygotsky alikiita mnyororo: anaanza na pembetatu, anaongeza pembetatu nyingine ambayo bahati mbaya ni ya bluu, sasa bluu imemkamata, anaongeza duara la bluu, sasa ni mwendo wa maduara. Ukitazama rundo lote mwishoni unaona vurugu. Ukitazama hatua moja moja, kila kipande kina sababu ya kukaa jirani na mwenzake. Ndo maana nasema uliza. Bila kuuliza huwezi kujua kama uliyemkuta na rundo la ajabu amebahatisha, ametengeneza mnyororo, au ana kigezo safi ambacho wewe hukukiona.

Najua mwalimu anayesoma hapa anacheka. Kiwango cha awali kwetu Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ila tangu elimu bila malipo ianze 2016 kuna madarasa ambayo hiyo 25 ni mstari wa mbele tu. Utamuuliza nani kwa nini ukiwa na watoto 90? Hoja ni ya kweli na sitaki kujifanya haipo. Kenya wao kwenye mtaala wao wa umilisi, kupanga vitu kwa makundi kumewekwa kabisa kwenye shughuli za hisabati za PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, ila kuandikwa kwenye mtaala hakumpunguzii mwalimu hata mtoto mmoja.

Kilichokuwa kinaniokoa mimi ni kutumia watoto wenyewe kama vipande. Toa darasa nje chini ya mti, ita watoto watano mbele bila kusema umewachagua kwa nini, halafu waliobaki wabashiri sheria. Mara ya kwanza nilipofanya niliwaita waliovaa kandambili. Mkono ukanyooka, "wana mashati meupe!" Nikasema tazameni nyie mnaosema, mmevaa nini? Kicheko. Sare imeshakunyang'anya rangi, wote weupe juu, bluu chini, kwa hiyo lazima macho yashuke kwenye vitu vingine. "Ni wafupi!" Nikamwita mrefu kuliko wote aliyevaa kandambili akasimama pale, ubashiri ukafa hapohapo. Huo mfano mmoja unaovunja sheria umefanya kazi ambayo mimi ningeongea nusu saa. Watoto 90, vifaa sifuri, na kila mmoja kichwani kwake anajaribu vigezo na kuvitupa. Ukitaka kurudi kwenye maumbo, wape kila mmoja kipande cha boksi mkononi, mchezo ni uleule.

Na zile karatasi za "zungushia lililo tofauti" sisemi zichomwe. Ongeza tu mstari mmoja chini wa sababu, na kwa wasiojua kuandika mwalimu apite achague watano tu kwa siku awaulize kwa mdomo, kesho watano wengine. Au mtunzi wa maswali aangalie kama michoro yake inatofautiana kwa kitu kimoja au viwili kabla hajaipeleka kwa mchapaji. Hilo halihitaji bajeti.

Jumapili iliyopita kijana alikuwa sebuleni na vizibo vyake vya soda, anavyo vingi sasa. Kavigawa mafungu mawili. Nikakaa chini nikabashiri: rangi? Hapana. Vyenye kutu? Hapana. Maandishi? Hapana baba. Nikasalimu amri. "Hivi nimeokota dukani, hivi kanipa bibi."

Nikajisemea hapo nimekukamata, hiyo sio sifa ya kizibo, hiyo ni historia, haionekani. Nikavichanganya vyote nikavitikisa kwenye kopo nikavimwaga. Akavitenga tena, haraka, bila kukosea, mpaka nikamshika mkono nikamuuliza unajuaje. Akaninyanyulia viwili. Vya dukani vimekunjika katikati kwa sababu ya kifunguo. Bibi yake hana kifunguo, anazungushia kwa kisu taratibu, vya kwake viko flati juu ila meno yametanuka pembeni. Mimi nimekunywa soda kwa mama miaka yote hiyo na sijawahi kuona.